Firimbi Ndani ya Shaba

Mukwe wangu, mutoto wangu,

Weye uko nje unafunga kirago chako na kamba, miye niko ndani. Kati yetu kuko ukuta wa udongo tu. Nasikia vile unapumua ukivuta ile kamba. Ningeweza kuita, ungeingia. Lakini nakuandikia.

Usicheke herufi zangu. Kwa mapadri nilikaa kidogo tu, kisha baba yangu akanirudisha kwenye shamba la pamba la Leta, la serikali. Najua kusoma polepole, na kuandika polepole kuliko kusoma. Maneno ya unga, ya blanketi, ya dawa ya tumbo, mama yako ameshakuambia, na kesho mbele ya kamyo kuondoka, ile lori yenye itakuchukua, atakuambia tena. Hayo sitayagusa. Miye niko na neno moja, na liko ndani ya ile shaba umefunga ndani ya shati yako nyekundu.

Umeniuliza mara mingi juu ya nini sikuiti jina. Ukiwa mudogo ulifikiri ni mapenzi, vile nakuita mukwe. Ni mapenzi, lakini si hayo tu. Ulipozaliwa, mama yako alikupa jina la baba yake. Na weye unajua huku kwetu mutu hasemi jina la mukwe wake. Hamwangalii usoni, hali naye sahani moja, akimukuta njiani anaingia kwenye majani mpaka muzee apite. Neno ukiwa nalo, unatuma mutu. Sasa mutoto akichukua jina la mukwe, anakuwa mukwe. Wanaume wengine wanafanya hii sawa na muchezo, wanacheka nayo kwenye pombe, kisha wanamupiga mutoto sawa watoto wote. Miye haya yangu ni ya kuzaliwa nayo. Nilifanya kweli. Na weye tumeongea maneno ya mvua, ya samaki, ya mbuzi. Lakini kukukataza kitu, kukupigia kelele, ulimi wangu unakuwa muzito sawa jiwe la nanga.

Unakumbuka kovu ya mukono wako wa kuume? Watu wengine wanafikiri uliungua ukiiba mafuta ya ngazi, yale ya mawese. Hapana. Mama yako alikuwa ameenda kisimani, sufuria ya mafuta iko kwa moto, weye unaiendea na mukono wazi. Hakukuwa mutu wa kutuma. Kulikuwa mbuzi tu. Basi nikaangalia mbuzi, nikamwambia: "Mbuzi, ile sufuria iko moto sana."

Weye ukacheka juu ya baba mwenye anaongea na mbuzi. Ukacheka, ukaishika.

Hii hadisi mama yako anaipenda, anaisema kwa wageni. Miye sijawahi kucheka nayo, juu ya vile wakati ule nilikuwa nimeshaona ingine, kubwa kuliko ile.

Babu yako, yule mwenye jina, unajua alikufa kwenye mayi ya Lualaba. Walikuambia mayi yalimuchukua. Wengine wanasema mamba, wengine wanasema muzimu mwenye mayi alimutaka. Nimekuacha na hayo yote miaka hii. Sasa sikia.

Alikuwa mutu wa Nyangwe, wa mutumbwi, na hakuna mutu hapa Lualaba aliweza kukaa chini ya mayi sawa yeye. Nyavu ikishikwa na mti chini, walikuwa wanakuja kumuita hata kutoka mbali. Kile chombo cha kuvusha kamyo kilipozama na mihogo ya watu na kamyo juu yake, kampani ilileta muzungu mwenye kuzamia. Sisi tulimuita Kofia, juu hakuvua kofia yake hata akiwa na kaputula ya kuogelea. Kofia alileta chupa za chuma za hewa na ile mashini. Yeye alisema detanderi. Weye unaijua: shaba ya mviringo sawa sahani, inakaa mugongoni juu ya chupa, inatoa tiyo mbili za mupira, moja ya kuvuta hewa, ingine ya kuitoa. Kofia alisikia sifa ya babu yako, akamufundisha. Mbele ya mwezi kuisha, muzee alikuwa anashuka sawa mutu anaingia nyumba yake.

Kofia hakujua maneno ya ukwe. Alitafuta mutu wa kushika kamba, mwenye hanywi na mwenye hasemi sana. Akaniweka miye. Nani angemwambia? Basi tulikuwa tunakaa hivi ndani ya mutumbwi: muzee mbele, ananipa mugongo, miye nyuma, na kamba yenye imefungwa kiunoni mwake, katikati Sefu, mulongo, ndugu mudogo wa mama yako, mutu wa michezo. Sefu njo ndiye alikuwa kinywa yetu. Muzee akitaka neno kwangu, anamwambia Sefu. Miye nikitaka, namwambia Sefu. Hata tukiwa karibu sawa wembe na ndevu.

Mutu asiyesema, masikio yake yanakua. Nilikuwa najua sauti za ile mashini kuliko sauti za nyumba yangu. Ikiwa nzima, muzee akivuta hewa inafanya shaa, sawa kitambaa kinapasuka polepole. Akitoa, mapovu yanapanda nyuma ya shingo yake, bubububu, yanafika juu kwa fungu. Shaa, kisha mapovu. Shaa, kisha mapovu. Nikisikia hivyo, hata usingizi unaweza kunishika.

Kuko siku ilianza kufanya kolokolo, sawa mutu ananywa uji kwa murija. Ile siku muzee alipanda mwenyewe, anakohoa. Kofia akafungua, akatutolea ndani yake kipande cha mupira chenye mudomo sawa wa bata, njo mulango wa hewa ya kutoka. Jani moja lilikuwa limeingia katikati, mulango haufungi, mayi yanarudi ndani ya tiyo. Alituonyesha: ukisikia kolokolo, hapana kuogopa, lala upande wa kushoto, ile tiyo ya kutoa iwe chini, puliza kwa nguvu. Kolokolo ni sauti ya mukali mwenye kelele. Anatukana, haui upesi.

Siku ingine ilikuwa inafanya sss, juu ya mutumbwi, hakuna mutu anavuta. Sawa nyoka ndani ya kapu. Kofia alisema kile kiti kidogo cha mupira, penye hewa inafungwa, mchanga umekikata. Hewa inatoka bure, na chupa itaisha mbele ya kazi kuisha. Alikata ingine, akabadilisha. Hiyo sauti pia mutu yeyote anaisikia.

Ile siku ya babu yako haikuwa kolokolo, haikuwa sss. Ilikuwa asubuhi nzuri, mayi yametulia, wanawake wako pembeni wanalowesha mihogo. Muzee aliweka mpira kinywani, akajaribu hewa vile alizoea. Shaa. Lakini mwisho wa ile shaa nikasikia kitu ingine. Firimbi. Ndogo, nyembamba, sawa mutoto anafundishwa kupiga mdomo na hajajua. Akivuta polepole haipo. Akivuta kwa nguvu, iko.

Na mbele ya hapo, wakati wa kupakia chupa, nilisikia ndani yake kitu kinacheza. Chakachaka, kidogo sana, sawa mbegu ndani ya boga kavu.

Nikamwambia Sefu chini chini: "Mwambie muzee, ile kitu inapiga firimbi. Jana haikupiga."

Sefu macho yake yakawaka. "Muzee! Mukwe yako anauliza kama kuko harusi chini ya mayi. Anasema amesikia firimbi!"

Muzee alicheka, mugongo wake ukatikisika. "Mwambie mukwe yangu, kama kuko harusi nitamuletea nyama."

"Anasema atakuletea nyama," Sefu akaniambia, sawa miye sikusikia.

"Ya kiuno!" mupiga kasia mumoja akasema, na mutumbwi wote ukacheka. Wanawake wa mihogo wakacheka bila kujua ni nini. Miye pia nilicheka, nikiangalia miguu yangu. Kofia alikuwa ng'ambo ingine na kebo yake ya kuvutia chombo, hakusikia kitu.

Muzee akaingia.

Sitaandika mingi. Mapovu yalianza makubwa, fungu, kisha fungu. Alifika chini, penye chombo kimelala, akaingia chini ya mbao zake kupitisha kebo. Kisha mapovu yakaanza kuwa madogo. Umeona chungu umeondolea kuni? Haiachi kuchemka mara moja. Inakuwa ndogo, ndogo, unafikiri bado. Halafu kamba mukononi mwangu ikatetemeka. Alama tuliyopatana ilikuwa kuvuta kwa nguvu. Hii haikuwa kuvuta. Ilitetemeka sawa ndoano imeshika samaki mudogo.

"Sefu, vuta," nikasema.

"Vuta weye! Kamba iko mukononi mwako!"

"Ni mukwe wangu."

Unaelewa? Kufunga mukwe kamba kiunoni ilikuwa imeshanipa haya. Kumukokota kutoka chini bila yeye kuniita, sawa mbuzi ya soko, mbele ya wanawake. Nilimwangalia Sefu. Sefu aliniangalia. Sijui ni muda gani. Ilikuwa muda wa watu wawili kuangaliana, basi. Kisha Sefu akaruka, akanyang'anya kamba, tukavuta sisi wote. Mashini iligonga ukingo wa mutumbwi tulipomupandisha, ikapata kishimo penye kidole gumba kinaingia.

Firimbi ilikuwa imenyamaza.

Kofia aliifungua siku ile ile, juu ya gunia, pale pale pembeni ya mayi. Hakuniuliza kitu. Aliponiona nimesimama karibu, akanionyesha tu. Penye hewa inatoka kwenye chupa kuingia mashini kuko kichujio cha shaba, kidogo sawa ukucha. Kilikuwa kimejaa unga mwekundu, sawa unga wa matofali. Ni kutu ya chupa. Chupa ililala nje na mulango wazi, mvua ikaingia, chuma ikaoza ndani, na ile chakachaka nilisikia ilikuwa magamba ya kutu. Kofia alipuliza kile kichujio, hakikupita kitu. Akasema Kiswahili chake cha kizungu: "Angalia. Hewa iko. Njia hapana."

Nikaelewa firimbi. Ni hewa nyingi inapita kwenye kitundu kidogo. Juu ya mutumbwi inatosha, mutu anavuta kidogo, anacheka, anafanya michezo ya harusi. Chini, mayi yanakukamata kifua, mwili unataka hewa nyingi kwa kila pumzi, na kile kitundu hakijui kama umeshuka. Ukivuta kwa nguvu, ule unga unakwenda mbele, unabana zaidi. Kwa hiyo, mukwe wangu, haileti kelele. Kila kitu chenye kuua upesi kwenye ile mashini kinapunguza sauti.

Sasa sikia kitu chenye kilinitesa kuliko kifo. Hakuna mutu alinilaumu. Kwenye matanga nilikaa nyuma ya nyumba, nikangoja waje na maneno. Walikuja na jogoo. Mama mukwe alimutuma Sefu, na Sefu hakuwa na michezo tena siku ile, aliniambia akiangalia chini: "Mama anasema hukupandishia muzee sauti hata siku ile. Anasema weye njo mukwe."

Ile jogoo ilikaa hapa uwanjani. Kila asubuhi inawika, inanisifu. Mama yako aliiuza mwisho.

Tangu hapo nimejifunza kitu kimoja tu, na nimekijifunza bila kukifanya: watu wakikusifu sana juu ya kunyamaza, tafuta nani amekufa.

Kofia aliosha kile kichujio, akaondoka. Mashini ilibaki kwenye magazini, ghala ya kampani. Chupa zilibaki nyuma ya magazini, zile zile, kwenye mvua ile ile.

Na weye ukakua. Miye nikakuona unakaa chini ya mayi muda murefu, ukiibuka mbali na penye uliingilia, na watu wanasema: jina halipotei. Nilikuwa nafurahi, na bado nahesabu mpaka utoke. Kisha wakaja kutafuta vijana wa daraja la Luama, kule njia ya Kabambare, wa kushuka kuangalia miguu ya daraja. Kapita, musimamizi wa kazi, akakuona, akakuandika. Ulirudi nyumbani unatembea sawa mutu amenunua kofia mupya. Ulimwambia mama yako. Miye nilisikia kupitia ukuta.

Jana mchana ulileta ile shaba uwanjani kutoka magazini, na chupa moja, kuonyesha wenzako. Miye nilikuwa nyuma ya nyumba, natengeneza mugono, mutego wa samaki. Nikasikia wanakusukuma: "Vuta, samaki! Vuta tuone!" Ukavuta. Shaa.

Na mwisho wake, firimbi.

Mufito wa mugono ulivunjika mukononi mwangu. Nilikuja mbele, nikafanya sawa mutu anatafuta kisu. Nikaweka mukono juu ya ile shaba. Kishimo kiko. Kidole changu cha gumba kiliingia mara moja, sawa kilikuwa kinangojewa. Nikashika chupa, nikaiinamisha kidogo. Chakachaka.

Weye uliniona. Ukacheka, ukasema: "Baba, iko inaimba tu. Kapita amesema iko nzima."

Na miye nilisema nini? Nilisema: "Mvua itanyesha." Nikarudi kwa mugono.

Sikulala vizuri, na leo kutwa nimekuwa nakuzunguka sawa kuku bila kiota. Mara mbili nilikuja mpaka mulangoni. Nilimutafuta mama yako nimutume, akakuambie. Alikuwa anakusongea ugali wa njiani, anaimba. Nilifikiri kumutuma Sefu. Fikiria! Miye, baada ya yote, nilivaa kandambili kwenda kumuita Sefu. Nilifika penye njia ya kisima, nikasimama, nikarudi, nikaomba karatasi kwa mwalimu.

Luama ni mudogo kuliko Lualaba, najua utasema hivyo. Lakini mvua hii imeufanya mweusi sawa kahawa, na penye miguu ya daraja mayi yamejichimbia shimo. Hautaona mukono wako. Utakuwa na masikio tu. Kwa hiyo nimekuandikia sauti zote. Kolokolo, jilaze upande, puliza. Sss, panda, wabadilishe. Na mutu akishika kamba yako, muangalie yeye kwanza mbele ya kuangalia kamba. Muulize mbele ya watu: kama mapovu yangu yanapungua, utanivuta bila kuniuliza? Akicheka sawa Sefu, mutafute mwingine. Akiangalia miguu yake sawa miye, mutafute mwingine.

Lakini ya firimbi hakuna dawa ya kufanya chini. Ya firimbi ni kutoingia. Wafungue, watoe kile kichujio, na ile chupa waitupe, hata ukikatwa mushahara, hata kapita akuite mwoga, hata wakurudishe kwa miguu mpaka hapa. Utanikuta.

Nimefika hapa, nimesoma tena kutoka juu, na nimeona kitu.

Nilikuwa nimepanga kukupa hii barua kesho, ukishapanda kamyo. Nilishaiona kichwani: naitoa mufukoni, nakupa, nageuka. Weye unaiweka kwenye shati. Labda unaisoma Wamaza, labda Kabambare. Labda kamyo ina watu, unaona haya juu ya herufi za baba yako, unaiacha. Labda mvua inailowesha. Labda unaisoma, unacheka pale kwa mbuzi, unawasomea wenzako, na ya firimbi inapita.

Hii karatasi ni Sefu. Nimekaa tangu jua liko juu nikimutengeneza Sefu mwingine, nimutume kwa mukwe wangu.

Kwa hiyo barua utaipata, lakini baadaye. Kesho kamyo ikisimama penye magazini, kapita yuko, madereva wako, wanawake wa mihogo wako, mama yako yuko, miye nitakuja mbele. Sitasimama kwenye majani. Nitashika ile shaba na mikono yangu miwili mbele yao wote na nitapiga kelele. Watasema baba yako amerukwa na akili, watasema hana adabu, mama mukwe huko Nyangwe atasikia na atalia. Waseme. Nitalia naye kisha.

Weye utaona haya juu yangu. Lakini utanisikia, na hutakuwa na mutu katikati wa kugeuza neno.

Nimejaribu kusema hapa ndani, chini chini, nione kama mudomo unaweza. Umeacha kufunga kamba huko nje. Nafikiri umesikia kitu, umegeuza kichwa. Basi naandika vile nimesema, na kesho njo nitasema vile vile, kwa nguvu:

Ramazani.

Ramazani, mutoto wangu, acha hiyo kitu chini.